Shilingi 138 kwa siku: mesi, kibanda ama meko?

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo tu:

"Habari yako madam. Niko mwaka wa kwanza kwa chuo kimoja huku Western, nakaa nje ya geti, chumba ni 3,000 kwa mwezi. HELB (mkopo wa serikali kwa wanafunzi) ya matumizi napata 25,000 kwa semista na mama hunitumia 1,500 kila mwezi. Semista iliyopita pesa iliisha wiki ya tisa, nikabaki naishi na Fuliza (deni la M-Pesa) na chapati moja kwa siku. Mesi ni bei rahisi lakini nikila saa nane, saa kumi njaa imerudi. Kibanda nashiba lakini pesa inaenda. Wengine wananiambia ninunue meko (mtungi mdogo wa gesi na kichomeo chake) nijipikie. Nifuate gani? Na ni kweli nikiendelea kuruka chakula nitapata alsa?"

Asante mwanangu kwa kuweka namba zako wazi, juu wengi huniandikia tu "madam maisha ni ngumu" na hapo sina pa kushika. Wacha tuanze na hesabu kabla ya sufuria.

Semista yako tuseme ni miezi minne, wiki kumi na sita. HELB 25,000, mama 6,000, jumla 31,000. Toa rent 12,000 unabaki na 19,000. Toa tena 3,500 ya sabuni, kuprinti, bando na nauli ya kwenda nyumbani mara moja, unabaki na 15,500 ya chakula. Gawa kwa siku 112, unapata shilingi 138 na senti kidogo kwa siku. Hio ndio bajeti yako, na ni ndogo ndio lakini watu wanaishi nayo, HELB ya matumizi yenyewe ni kati ya 40,000 na 60,000 kwa mwaka kulingana na vile ulipangwa kwa hivyo wewe uko katikati, kuna wenzako wanatembea na 100 kwa siku na hawasemi.

Sasa angalia, hio 15,500 ukiimaliza kwa wiki tisa maana yake ulikuwa unakula karibu 246 kwa siku. Sikulaumu. Najua ilivyokuwa, HELB iliingia Ijumaa, jioni chipo na kuku na marafiki, wiki mbili za kwanza kila lunch ni chipo smoki na soda, halafu ukistuka simu inasoma elfu nne. Hakuna mtu anaona anakula 246, anaona tu leo nimekula 180 na jana nilikula 300 na hizo zote ni "leo tu".

Umeniuliza ni mesi, ni kibanda ama ni meko kana kwamba lazima uoe mmoja. Nimefanya kazi ya jikoni za taasisi na ya lishe miaka mingi na jibu langu kwa kila mwanafunzi ni moja: chakula kinachotaka moto mrefu nunua kimepikwa, chakula cha moto mfupi jipikie. Ukishika hio tu mambo mengine yanajipanga. Wanafunzi wakipiga bajeti wanaandika unga, mboga, nyanya, hawaandiki moto, na moto ndio unawamaliza.

Chukua madondo. Kilo ya maharagwe tuseme ni 160 (weka bei ya soko lako, hizi zangu ni za mfano tu), robo kilo ni 40 na inakupa sahani tatu hivi. Poa. Sasa washa meko. Mtungi wa kilo 6 kwa kichomeo cha kawaida unaenda masaa kama 35 ukipika bila fujo, ukijaza kwa 1,300 kila saa moja ya moto imekugharimu kama 37. Maharagwe ambayo hukuloweka yanakunywa masaa mawili, wakati mwingine na zaidi yakiwa ya zamani. Hio ni 74 ya gesi kuivisha maharagwe ya 40! Koili nayo, ile ya wati 1,000 ikiwaka saa moja inakula uniti moja ya stima, na uniti pamoja na kodi zake ni kati ya shilingi 20 na 30, kwa hivyo pia haikuokoi sana, na kama landlord ana mita moja ya ploti nzima utaanza vita na majirani. Kwa hosteli za ndani ya chuo ndio kabisa, koili zimekatazwa karibu kila mahali na zikipatikana zinachukuliwa.

Mesi inapika maharagwe ya watu mia tano kwa moto mmoja. Mama wa kibanda anapika sufuria kubwa kwa kuni tangu saa kumi na moja asubuhi. Huwezi shindana na hao watu kwa madondo, hata usijaribu, nunua kwao. Na kuna njia ya tatu ambayo wanafunzi wengi hawaioni juu hawapitii sokoni jioni: wale akina mama wanaouza maharagwe na githeri iliyochemshwa tayari kwa kikombe, huwa wameketi na ndoo zimefunikwa na karatasi ya nailoni, unachukua kikombe kimoja unaenda kukaanga na kitunguu na nyanya dakika kumi na tano umemaliza. Huku kwetu githeri tunaiita nyoyo, nayo utapata hivyo hivyo. Moto mrefu umelipiwa na wateja wote wa huyo mama, wewe umelipa kipande chako tu.

Ukiamua lazima uchemshe mwenyewe, labda umetoka nyumbani na debe la maharagwe, basi loweka usiku kucha, mwaga hayo maji, weka mapya, halafu yachemke kwa nguvu. Hapo nisikilize vizuri, maharagwe mekundu yakiwa mabichi yana sumu yake ya asili na inaisha tu yakitokota kabisa dakika kumi ama zaidi, ukiyaacha kwa koili dhaifu yakivugavuga bila kutokota utatapika na kuendesha usiku mzima ukidhani umerogwa. Loweka, tokosa, ndio upunguze moto.

Mesi sasa. Unasema unakula saa nane na saa kumi una njaa tena, na mimi nikisoma hapo shida ya kwanza nimeiona ni hio saa nane. Simama siku moja uangalie vile mesi inapakua. Madondo yako kwa sufuria ya kina, mbegu ni nzito zinakaa chini na supu inabaki juu. Saa sita na nusu yule wa kupakua anachota kutoka kwa sufuria iliyojaa, upawa unashuka na kupanda na mbegu. Saa nane sufuria imebaki robo, foleni bado iko, mtu wa jikoni anakuja na jagi la maji ya moto anaongeza na chumvi kidogo, na sasa upawa unapita juu juu. Bei ni ile ile. Wewe umelipia supu ya maharagwe, na supu haikai tumboni. Enda mapema, kama una darasa hadi saa nane mtume rafiki akuchukulie na bakuli lako la kufunika.

Shida ya pili ni vile unaagiza. Karibu kila mwanafunzi huagiza wanga mwingi na kitoweo kidogo, ugali mbili madondo moja, ama wali na supu. Geuza. Chukua ugali moja madondo mbili. Tofauti ya bei kwa mesi nyingi ni shilingi chache na tofauti ya shibe ni kubwa, kikombe kizima cha maharagwe yaliyoiva kina karibu gramu 15 za protini, hio ni kama mayai mawili na nusu, na juu yake kuna nyuzinyuzi zinazofanya chakula kishuke polepole. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 za protini kwa siku kwa hivyo lunch moja ya madondo mbili inakusukuma mbali kabisa, na ukila na ugali ndio bora zaidi juu kile mahindi yanakosa kwa protini maharagwe yanacho na kile maharagwe yanakosa mahindi yanacho. Wazee wetu walichanganya nyoyo bila kusoma haya yote.

Na tafadhali wache kulaani mesi sana, najua ni mchezo wa kila komredi lakini angalia kwa nini bei zinakuwa vile ziko. Zamani, kabla ya cost-sharing (mwanafunzi kuchangia gharama) kuingia mwaka wa 1991, mwanafunzi wa chuo cha umma alikuwa analishwa na serikali, siku hizi mesi inatakiwa ijilishe kutokana na kile unalipa. Haina rent kama kibanda ndio, lakini ina mishahara, na inanunua kwa tenda, na supplier akijua atalipwa baada ya miezi sita anaweka bei ya kungojea ndani ya kila gunia. Kwa hivyo vitu vingine kwa mesi ni rahisi kweli kweli (chai, ugali, madondo, githeri) na vingine havina faida kwako. Nyama ya mesi mimi singenunua kwa bajeti yako, vipande viwili na viazi vinne.

Kibanda kina kazi zake. Chapati ni ya kibanda, usiwahi pika chapati moja peke yako kwa gesi, ni kuchoma pesa na mafuta. Matumbo pia, moto mrefu tena. Na kibanda kina kitu mesi haina, mtu anakujua. Chagua kibanda kimoja, mbili mwisho, kula hapo mara kwa mara, lipa vizuri, ukiongea na mama kwa heshima siku umekwama atakuandika kwa daftari na hakuna ada ya kila siku kama Fuliza, isipokuwa hio deni ulipe siku ile ulisema, ukikwepa kupitia njia ya nyuma umeharibu jina na huko nje ya geti jina linasambaa haraka, iwe ni mtaa wa Nyawita, Lurambi ama Njokerio. Fuliza achana nayo kwa chakula. Unakula chapo madondo ya 60, pesa ya mama ikiingia inakatwa kwanza, unabaki pungufu, unafuliza tena, na hivyo ndio wiki ya tisa inafika.

Usafi wa kibanda angalia mambo mawili tu, wapi wananawa mikono na kama chakula kinatoka kikiwa cha moto. Kachumbari mbichi msimu wa mvua uiache, huku kando ya ziwa kipindupindu hurudi rudi na hakichagui mtu wa degree. Maji ya kunywa chemsha ama weka dawa.

Sasa jikoni kwako, hapa ndio napenda kuongea. Vitu vya moto mfupi ni ugali, mboga za kienyeji, mayai, uji na omena (dagaa wa ziwani), na ukweli ni kwamba mtu anayesoma upande huu wa Kisumu, Maseno ama Kakamega amebarikiwa kwa hivi vyote kuliko wenzake wengi.

Unga usinunue wa paketi kama uko na posho mil karibu. Nunua mahindi kwa gorogoro (mkebe wa kupimia), yawe yamekauka, ukiyauma yanalia ka! na hayana ukungu wala harufu ya stoo, yale ya kijani kijani ama meusi kwa kichwa yaache hata kama mtu anakupunguzia, sumu ya ukungu haiishi kwa kupikwa. Kilo mbili za unga zinatoa milo kama nane hadi tisa ya ugali wa mtu mmoja mwenye njaa ya kweli. Ikiwa paketi ni 140 basi ugali wako ni kama 16, na ukitoka nyumbani na mahindi ya shamba, hata kilo 20 tu kwa gunia dogo, umejipa zaidi ya milo 80 na umeokoa kama 1,300. Najua kuna vijana wanaona aibu kupanda matatu na gunia la mahindi. Hio aibu ina gharama.

Omena sasa. Nenda Kibuye ama Luanda, ama soko lolote lenye akina mama wa omena, usinunue kwa duka la jirani na hosteli juu hapo imeuzwa mara tatu. Chukua kidogo weka kwa kiganja. Omena nzuri inang'aa fedha, imekauka mpaka inavunjika, haina rangi ya kutu. Ifikiche halafu mwaga urudi uangalie kiganja chako, kukiwa na mchanga umebaki hio ilianikwa chini kwa ardhi, utakula mawe wiki nzima, enda kwa mwingine mwenye alianika kwa neti. Nusa pia, harufu ya samaki ni sawa, harufu ya mafuta yaliyokaa vibaya hapana. Kupika ni hivi, mwagia maji ya moto, suuza mara mbili, chuja kabisa mpaka ikauke, weka kwa sufuria bila mafuta dakika tatu nne huku ukigeuza hadi ianze kusikika kama majani makavu, ndio sasa uongeze mafuta kijiko, kitunguu, nyanya mbili, chumvi, na kama uko na ndimu kamulia mwisho. Dakika kumi na tano. Protini yake kwa uzito inashinda nyama, na juu unakula na mifupa yake unapata kalsiamu ambayo kwa bajeti yako hungeipata popote. Nunua ya kutosha kabla ya Aprili kama unaweza, kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai na bei inapanda, na omena kavu kwa debe la kufunika vizuri inakaa.

Mboga: sukuma tunaijua, lakini mrenda unaiva kwa dakika kumi, kunde, saga na managu zinashuka bei sana mvua ikinyesha. Usizichemshe saa nzima na kumwaga maji. Na hapa nikuambie jambo la wasichana hasa, na wavulana pia, wacheni kunywa strungi (chai bila maziwa) pamoja na chakula. Majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye mboga na maharagwe. Ngoja kama saa moja ndio unywe. Ndimu, nyanya, chungwa, hizo zinasaidia, kwa hivyo maji na ndimu kwa ugali, chai baadaye.

Asubuhi uji. Unga wa wimbi na mtama, kuna wanaoongeza muhogo, unasagiwa hapo hapo, gramu 50 inakupa kikombe kikubwa. Na kiazi kitamu kimoja cha kuchemshwa kutoka kwa mama wa barabarani. Maziwa ya ATM (ile mashine ya kuuza maziwa) ya shilingi 20 mara mbili kwa wiki ukiweza.

Tuweke bei. Asubuhi 25 na moto wake. Lunch ya mesi, ugali na madondo mbili, 50. Jioni ukijipikia peke yako: unga 16, mboga 15, omena 20, nyanya kitunguu mafuta 12, gesi nusu saa 18, jumla 81. Siku nzima 156. Umepita! Sasa mkipika wawili, unga ni ule ule 16 kwa kila mtu lakini mboga fungu moja la 20 ni 10 kila mmoja, omena 18, viungo 8, gesi 10 juu sufuria ya wawili haichukui moto mara mbili. Jumla 62. Siku nzima 137, na bajeti yako ni 138. Hio 19 unaokoa kila jioni kwa semista nzima ni zaidi ya 2,000. Kwa hivyo tafuta mwenzako wa kupika naye kabla hata ya kutafuta meko. Wawili ni sawa, watatu ni sawa, wanne mtaanza kugombana ni nani hakuosha sufuria na nani alileta mgeni. Wekeni pesa ya wiki pamoja Jumapili, mmoja anunue, mwingine apike, mbadilishane wiki inayofuata, na msitumie "nitakulipa", kila mtu aweke kabla.

Mabaki, kwa joto la Kisumu na hakuna friji, ni hatari kuliko watu wanavyofikiri. Wali upike wa kumaliza. Kitoweo cha jioni ukitaka kukila kesho mchana kichemshe kabla ya kulala, kifunike, asubuhi kichemshe tena kabisa, sio kupasha tu. Kikibadilika harufu ama kikianza kuvuta nyuzi mwaga bila kuomboleza.

138 kwa siku haina nafasi ya bathdei wala ugonjwa, naelewa. Ndio maana nakuambia pesa isikae yote kwa simu yako. HELB ikiingia lipa rent miezi yote minne siku hio hio kama landlord anakubali na akupe risiti. Ile ya chakula mwachie mama yako akutumie 960 kila Jumapili, ama ifungie kwa M-Shwari (akiba ya M-Pesa) ile ya kufunga, ubaki na ya mwezi tu. Hizo shilingi chache zinazobaki kila wiki ndio za dharura. Halafu uliza ofisi ya dean of students, vyuo vingi vya umma vina mpango wa kumpa mwanafunzi kazi ya masaa machache maktaba ama hata huko huko mesi, na basari ya CDF (mfuko wa eneo bunge lenu) peleka fomu mapema, usingoje wiki ya tisa ndio uanze kutafuta sahihi ya chifu.

Alsa. Hapana, kuruka chakula peke yake hakukupi vidonda vya tumbo. Sababu kubwa mbili ni bakteria anaitwa H. pylori na kumeza dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac mara kwa mara, hasa tumbo likiwa tupu. Lakini ukikaa na njaa asidi inachoma na kama kidonda tayari kipo utasikia sana, ndio watu wanachanganya. Kama unaamka usiku na uchungu juu ya kitovu, ama choo kimekuwa cheusi kama lami, nenda kliniki ya chuo upimwe, H. pylori inatibika kwa antibiotiki za wiki mbili hivi. Usinunue vidonge vya kutuliza kila siku kwa kemia ukidhani umejitibu.

Na meko, ndio nunua, lakini isiwe mpya. Mwisho wa kila semista wanaomaliza wanauza mitungi, ngoja hapo. Angalia mpira kama una nyufa ukiukunja, paka maji ya sabuni kwa valvu na pale regulator inashikia halafu ufungue gesi, kukitoka mapovu usichukue. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, ukienda kujaza mwambie muuzaji aweke kwa mizani mbele yako, unatakiwa kusoma ule uzito pamoja na kilo 6, na kama hana mizani vuka barabara uende kwa mwingine. Usilale na mtungi kando ya kitanda kwa chumba kisicho na dirisha, na ufunge valvu kila ukimaliza.